Fulana ya Pamba Kwenye Pango la Theluji

Haya aliniambia Torunn mwenyewe, mjukuu wangu, jioni ya Jumapili ile ya Februari aliyorudi kutoka mlimani. Nilikuwa namenya viazi. Aliingia jikoni nywele zinanuka mafuta ya taa, akaitungua fulana ya sufu iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango tangu Ijumaa, akaivaa juu ya nguo zake, akakaa kwenye benchi karibu na jiko. Sikumuuliza kitu. Nilimpa kisu na viazi viwili vitatu. Mikono yake ikipata kazi mdomo nao hufunguka, namjua. Yale ya mlangoni mwa pango nilikuja kuyasikia tena kwa Halvard, kiongozi wa kikosi, tulipokutana dukani, na hayakupishana na ya mtoto.

Torunn ni skauti, na kikundi chao ndani ya kikosi kinaitwa Mbweha. Wako wasichana watatu tu. Torunn ndiye kiongozi. Mildrid ni yule mrefu, mtoto wa mwenye kinu cha mbao, asiyeweza kumaliza sentensi bila utani. Gyda ndiye mdogo wao, aliyejiunga mwisho, na yeye kazi yake ni kulalamika. Analalamika hata akila keki.

Walikuwa wanne mwaka jana. Walipanda mlimani kulala kwenye theluji, na kabla hata chakula cha jioni hakijaiva wakashushwa na pikipiki ya theluji, kwa sababu yule msichana wa nne, ambaye sasa wazazi wake wamehamia mjini, alipoteza glavu moja akanyamaza mpaka vidole vikawa vyeupe kama mshumaa. Vidole vilipona. Lakini wavulana wa kikundi cha Mbawala hawakuwaacha. Kila mkutano ilikuwa "Hao Mbweha wa Teksi wamefika! Nauli mmelipa?" Torunn alikuwa anarudi nyumbani anaubamiza mlango mpaka vyombo vinalia kabatini.

Safari hii Halvard aliwaambia waziwazi. Wakishushwa tena, basi, Mbweha itavunjwa, na wao watatu watagawanywa kwenye vikundi vingine. Hakusema kwa ukali. Watu watatu ni wachache, na mlima hauna utani na mtu. Ila akawaahidi kwamba wakilala usiku mmoja kwenye pango walilochimba wenyewe, wakajipikia na kujitunza bila kumwita, hakuna atakayewagusa.

"Leo hatushuki," Torunn aliwaambia wenzake asubuhi ile ya Jumamosi, pale basi lilipowashusha, mwisho wa barabara ambapo gari la kuondoa theluji hugeuzia. "Hata iweje. Mmenisikia?"

"Tumekusikia, mkuu wa majeshi," Mildrid akasema. "Tukifa tusishuke pia?"

"Acha mzaha. Fungueni makoti niwakague."

Ndiyo desturi. Kiongozi wa kikundi hukagua nguo za wenzake kabla hawajapanda, na kinachotafutwa kuliko vyote ni pamba. Torunn aliwaimbia kama wanavyoimbishwa wote tangu wadogo, kwamba pamba ikishanywa jasho haikauki, inakaa mwilini inanyonya joto lako, na kwamba sufu hata ikilowa bado inakupa joto. Mildrid alikuwa sawa. Gyda alikuwa sawa mpaka alipofika miguuni.

"Hizi nini?"

"Soksi."

"Za nini?"

"Za ndani tu, Torunn. Nyembamba. Zina vipepeo."

"Hata zingekuwa na malaika. Vua."

"Hapa? Mbele ya basi zima?"

"Hapa."

Mbawala walikuwa palepale wanafunga skii zao za kutelezea thelujini, wao walikuwa wanakwenda bonde la pili. Gyda akasimama juu ya shanta lake kama kuku, mguu mmoja hewani, akavua soksi za vipepeo huku wavulana wanampigia makofi. Alipomaliza kufunga viatu, macho yamemjaa, akamwangalia Torunn.

"Na wewe nani anakukagua?"

"Mimi najikagua," Torunn akasema, akageuka kuchukua skii zake.

Sasa mjue kilichokuwa chini ya sweta lake. Fulana niliyomfumia mimi ni ya wavu, ina matundu makubwa, maana ndivyo inavyotakiwa iwe, hewa ikae katikati ya matundu na ipate joto. Nilikuwa nimeifuma kwa nyuzi zilizobaki kwenye kapu, kijani hapa, zambarau pale, mkono mmoja njano. Inatia joto kama jiko. Lakini mwaka jana Mildrid aliiona akamwambia amevaa wavu ulionasa pipi za Krismasi, na mambo ya namna hiyo humwingia sana mtoto wa umri ule. Basi Ijumaa akaitundika nyuma ya mlango. Akavaa ile nyeupe ya dukani, yenye mbweha mwekundu kifuani, waliyochapisha kwa ajili ya kambi ya kiangazi. Alitaka pango likiisha wapige picha amesimama mbele yake na yule mbweha kifuani, awatumie Mbawala.

Fulana ile ilikuwa ya pamba.

Walipanda. Torunn alibeba hema la dharura, sufuria na nusu ya mafuta ya jiko aliyopaswa kubeba Gyda, kwa sababu Gyda alishaanza kusema bega lake moja limekufa na wamzike palepale. Mteremko ulikuwa mkali, jua limetoka, theluji inang'aa mpaka inauma macho. Mildrid na Gyda walisimama mara kwa mara, wakivua koti, wakifungua shingo. Halvard aliyekuwa nyuma yao akawa anasema lile lile analosema siku zote, "Nendeni pole pole mpaka mwone kama mnachelewa. Jasho la sasa ndilo baridi ya baadaye." Torunn hakuvua sweta. Angevuaje? Sweta likitoka tu, mbweha anaonekana. Aliniambia alihisi jasho linamshuka mgongoni mpaka kwenye mkanda wa suruali, na akajiambia litakauka wakifika.

Walifika kwenye ukingo mrefu wa theluji juu ya ziwa, pale upepo unapoirundika. Halvard akaichoma kwa fimbo yake ndefu, akaridhika na kina chake, akaigonga kwa skii, akasikiliza. Kisha akawaonyesha kibanda kule chini ufukweni, moshi wake wanauona.

"Mimi niko pale. Nitapanda kuwaona kabla hamjalala. Mkinihitaji kabla ya hapo, pigeni filimbi. Mnajua filimbi maana yake nini."

"Teksi," akasema Mildrid.

"Maana yake nakuja," akasema Halvard, "na nikija kwa filimbi tunashuka wote." Akateleza akaenda zake.

Kuchimba pango si kazi ya kusimama wima. Mtu analala kifudifudi ndani ya tundu, anakata theluji kwa beleshi, anaisukuma nyuma kwa miguu, mwenzake anaivuta nje. Mlango unakuwa chini na kitanda juu, ili baridi ishuke itoke. Na anayechimba hujipunguza nguo, abaki na fulana ya sufu na koti jepesi la upepo, kwa sababu humo ndani anaoga jasho na theluji kwa pamoja, na sweta lake linamsubiri likiwa kavu ndani ya shanta. Mildrid alichimba zamu yake hivyo. Alipotoka nje alikuwa anafuka mvuke, akavaa sweta lake kavu, akaanza kucheza dansi ya babu yake.

Zamu ya Torunn ikafika. Akaingia na sweta.

"We! Umesahau sweta," Gyda akamwita.

"Sisikii joto."

"Unafuka kama ng'ombe, halafu husikii joto."

"Gyda, vuta theluji, acha maneno."

Alichimba zamu yake, akachimba na ya Gyda. Aliniambia alikuwa na hasira, na alipenda ile hasira kwa sababu ilimpa nguvu. Kila beleshi alilopiga aliona sura ya mvulana mmoja wa Mbawala. Alitoka humo jua limeshagusa mlima, pango limekamilika, kitanda cha theluji kimesawazishwa, tundu la hewa limetobolewa juu na fimbo ya skii imesimamishwa ndani yake. Lilikuwa pango zuri. Wenzake walimpongeza. Mildrid akatoa simu apige picha.

"Baadaye," Torunn akasema.

Jua likazama. Mlimani jua likizama ni kama mtu amefungua mlango wa ghala la barafu la samaki. Wasichana walijenga kiukuta cha theluji nje ya mlango, nyuma yake wakawasha jiko la mafuta wayeyushe theluji wapate maji. Kazi hiyo Torunn anaijua tangu akiwa na meno ya maziwa. Unaanza na maji kidogo ya chupa chini ya sufuria ndipo unaongeza theluji, la sivyo sufuria inaungua. Yeye alishindilia theluji kavu ikajaa, akaiweka motoni, akaitazama tu. Harufu ya kuungua ikapanda.

"Torunn! Sufuria!" Mildrid akaiondoa haraka. "Unapika chuma?"

"Nimesahau."

Gyda alikuwa amekaa juu ya shanta lake anakula soseji. Akaacha kutafuna. Pamoja na kulalamika kote kule, yule mtoto ana macho. Aliona Torunn ameweka mikono mifukoni. Aliona mabega yake yamepanda mpaka masikioni.

"Torunn, nipe kiberiti."

"Chukua mwenyewe."

"Kiko mfukoni mwako. Nipe."

Torunn akatoa mkono. Kiberiti kikaanguka. Akainama kukiokota, vidole vikakisukuma tu huku na huku kwenye theluji kama vidole vya mtu mwingine.

Ndani ya mfuko ule ule kulikuwa na filimbi. Aliniambia, "Bibi, nilikuwa nimeishika muda wote. Nilikuwa najua." Alijua kwamba akiipuliza ataota moto kibandani baada ya muda mfupi, na Mbweha imekwisha. Alijua pia kwamba asipoipuliza na asiposema, atakuwa kama yule wa mwaka jana na glavu yake. Akajipa ahadi kwamba atakula chakula cha moto, ataingia kwenye mfuko wa kulalia, na mwili utajirudia wenyewe. Lakini meno yalikuwa yameanza kugongana, na lile sweta mgongoni lilikuwa limekakamaa kama ubao.

Gyda akasimama mbele yake. "Gusisha kidole gumba na kidole cha mwisho."

"Niache."

"Ni kipimo. Ulitufundisha wewe. Gusisha."

Torunn alijaribu. Kidole gumba kilifika katikati ya njia kikakataa.

"Mildrid," Gyda akasema, bila kumwondolea macho, "sukari. Sharubati ya moto, tia sukari nyingi. Torunn, chini ya hilo sweta kuna nini?"

Jiko linanguruma.

"Nimevaa pamba," Torunn akasema. Ulimi ulikuwa mzito, akarudia. "Nimevaa pamba. Ile ya mbweha. Imelowa yote. Naganda."

Mildrid alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza utani haukutoka. Gyda ndiye aliyecheka. Alicheka kicheko kimoja kikali kama kubweka.

"Mimi nimesimama kama kuku mbele ya Mbawala wote, kwa soksi! Soksi, Torunn!"

"Najua."

"Ingia ndani. Ingia, twende. Nitakutukana baadaye, sasa sina nafasi."

Wakamwingiza pangoni. Wakamkalisha juu ya magodoro, wakamvua sweta, wakamvua yule mbweha ambaye alitoka kwa sauti ya kuchanika kwa jinsi alivyomgandama ngozini. Torunn hakuwa na fulana ya akiba, kwa sababu fulana ya akiba ilikuwa huku kwangu inaning'inia. Gyda akavua koti, akavua sweta, akavua fulana yake mwenyewe ya sufu, ina moto wa mwili wake, akamvisha Torunn kichwani kama mtu anavyomvisha mtoto mchanga. Yeye akarudishia sweta lake kwenye ngozi tupu.

"Linawasha!" akapiga kelele. "Mama yangu, linawasha kama siafu!"

"Basi chukua fulana yako..."

"Ingia kwenye mfuko na unyamaze, kiongozi."

Walimtia kwenye mfuko wa kulalia, Gyda akaingia wake upande huu, akambana kwa mgongo. Mildrid akaleta kikombe, akakishika yeye mwenyewe mpaka Torunn akanywa nusu. Wakamlisha mkate na jibini ya kahawia na vipande vinene vya siagi, halafu chokoleti, halafu chungwa ambalo mama yake Mildrid alikuwa amemfungia na ambalo lilikuwa limeganda nusu. Wakamwambia akaze na kulegeza misuli ya miguu, akaze na kulegeza. Alitetemeka vibaya mno. Gyda aliniambia mwenyewe baadaye kwamba pango zima lilikuwa linatetemeka pamoja naye. Kisha tetemeko likaanza kupungua, pole pole, kama mashine ya kufulia inayomaliza. Mshumaa kwenye kijishubaka chake ulikuwa unawaka wima, dalili kwamba hewa inatosha.

"Kidole," Gyda akasema.

Kidole gumba kikagusa kile cha mwisho. Wakarudia mkono wa pili. Ukagusa.

"Haya," Mildrid akasema, akashusha pumzi. "Sasa naweza kusema? Bora ungevaa zile pipi za Krismasi."

"Ndiyo maana sikuzivaa. Kwa sababu yako wewe!"

Mildrid akawa mwekundu mpaka shingoni. "Nilikuwa natania tu, Torunn. Mimi naitamani ile fulana. Mwambie bibi yako anifumie na mimi."

Ndipo wakasikia skii zinakwaruza nje, na kurunzi ikapita mlangoni. Halvard.

Mildrid akamnong'oneza sikioni, "Usimwambie. Umeshapona. Hatukupiga filimbi. Atajuaje?"

Na kweli, ilionekana asingejua. Sufuria iliyoungua si dhambi. Fulana yenye mbweha walikuwa wameshaisukuma chini ya shanta. Torunn alilala pale akitazama dari ya theluji, na aliniambia alichokuwa anakiona ni ile glavu moja ya mwaka jana.

"Mbweha," Halvard akaita, kichwa chake kikatokea mlangoni, ndevu zimejaa barafu. "Mko salama?"

"Sasa tuko salama," Torunn akasema. "Mimi sikuwa. Nilivaa pamba. Nililowa jasho, nikachimba na sweta ili msiione. Nimetetemeka, vidole vimekataa. Gyda amegundua, wamenivua, wamenipa joto. Sasa vidole vinafanya kazi. Ukitaka tushuke, tutashuka."

Halvard aliingia kwa magoti, akavua glavu, akamshika mikono, akamshika na nyayo ndani ya mfuko. Akamwambia afunge na kufungua kifungo cha koti. Akamuuliza jina la ziwa, jina la mwalimu wake, na alichokula. Torunn alijibu yote, mpaka siagi. Akaangalia tundu la hewa, akaangalia mshumaa.

"Nani alitoa fulana?"

Gyda akainua mkono, na mkono mwingine anajikuna.

Halvard akakaa juu ya visigino vyake. Aliniambia dukani kwamba njiani akipanda alishaona alama za magoti pale jikoni kwao na kiberiti kimeachwa kwenye theluji, akajua kuna kitu. Na alikuwa ameshaamua kwamba akiambiwa kila kitu kilikuwa shwari, atawashusha usiku huo huo.

"Hakuna aliyepiga filimbi," akasema. "Mlikuwa na shida, mkaitatua, mkaisema. Kwangu kikundi ni hicho. Mbweha mnabaki."

Mildrid akapiga ukelele mpaka theluji ikadondoka kidogo kutoka darini.

"Sijamaliza. Torunn, kuanzia leo kukagua nguo si kazi yako tena. Ni ya Gyda. Na wewe utakaguliwa wa kwanza."

Torunn aliniambia hilo lilimchoma kuliko baridi. Kukagua ndiyo kazi ya kiongozi, kila kikosi kinajua, na Mbawala watajua kabla ya Jumatatu. Alitamani kubisha.

"Sawa," akasema.

"Hata soksi," Gyda akasema.

"Hata soksi."

Halvard akasema atalala kibandani mlango ukiwa wazi kidogo ili asikie filimbi, na kwamba sasa wakiipuliza hakuna kitakachovunjwa, ila wakiihitaji wasipoipuliza yeye ndiye atakayewavunja. Akatoka. Wakasikia skii zake zinateremka, zikapotea.

Wakajipanga kulala. Mlimani vitu vilivyolowa havitundikwi, vinaganda. Vinakwenda tumboni, ndani ya mfuko wa kulalia, juu ya fulana ya sufu, na asubuhi unavikuta vikavu. Gyda alikuwa ameweka glavu zake tumboni mwake, akawa anagugumia, maana lile sweta linawasha na glavu zina barafu. Halafu maneno yakawa machache, yakawa mkoromo. Mildrid alikuwa ameshalala kitambo, mdomo wazi.

Torunn akaitikisa fimbo ya skii kwenye tundu la hewa mpaka akaona nyota moja. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa Gyda, akazichomoa zile glavu moja moja asimwamshe, akaziweka juu ya tumbo lake pamoja na za kwake. Zilikuwa baridi kama samaki wa pipani. Akauma meno. Akasubiri. Ilichukua muda, aliniambia, lakini hakuziondoa. Zilipoanza kupata uvuguvugu, akapuliza mshumaa, naye akalala.